Magitaa na amplifaya za Fender: maswali tunayoulizwa sana hapa Tanga

Maswali haya yanaletwa mezani kwetu na vijana wa kwaya, wapigaji wa bendi za harusi, watu wa taarabu, na wazazi wanaomtafutia mtoto gitaa la kwanza. Tumeegemea Fender kwa sababu jina hilo ndilo linaloulizwa zaidi, lakini mengi ya kwenye umeme na utunzaji yanahusu gitaa lolote. Kama una haraka, soma kwanza jibu la ethi (waya wa kukinga shoti), lile la kupigwa shoti mdomoni kwenye sehemu ya Umeme, mengine yatasubiri.

## Kampuni na majina yake

Fender ni kampuni gani, na Squier ni nini?

Leo Fender alikuwa fundi redio wa mji wa Fullerton, California. Mwaka 1946 alianzisha kampuni yenye jina lake. Kupiga gitaa hakujua, ila alijua kutengeneza kitu ambacho fundi mwingine anaweza kukifungua na kukirekebisha. Shingo ya gitaa lake imefungwa kwa skrubu nne badala ya gundi, na ikiharibika unaitoa na kuweka nyingine. Kwa sisi tulio mbali na viwanda, hiyo ni neema kubwa.

Mwaka 1965 aliiuza kampuni kwa CBS, kampuni ya redio na televisheni ya Marekani, kwa dola milioni 13. Mwaka 1985 baadhi ya wafanyakazi na wawekezaji wakainunua kutoka CBS. Squier ni jina ambalo Fender wanalitumia tangu 1982 kwa magitaa ya bei nafuu. Kwa hiyo Squier si feki. Ni mtoto halali wa nyumba hiyo hiyo, na Squier aina ya Classic Vibe iliyosetiwa (kurekebishwa na fundi) vizuri inaweza kumshangaza mtu aliyelipa mara mbili yake.

Telecaster na Stratocaster zinatofautiana nini?

Telecaster ndiyo kubwa kwa umri. Ilitoka 1950 ikiitwa Broadcaster, na 1951 ikapata jina la sasa. Ina pikapu mbili (sumaku zinazodaka mtikisiko wa nyuzi), swichi ya hatua tatu, na daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwilini) lisilotikisika. Sauti yake ni kali na ya wazi, inapenya katikati ya ngoma na kinanda bila kubembelezwa. Haina mambo mengi ya kuharibika.

Stratocaster ilikuja 1954. Ina pikapu tatu, mwili uliokatwa kufuata mbavu za mpigaji, na daraja lenye springi nyuma pamoja na mkono wa kutikisa sauti. Swichi yake ya sasa ina hatua tano. Hatua ya pili na ya nne zinaunganisha pikapu mbili kwa pamoja na kutoa ile sauti laini yenye kulia kidogo, ambayo wapiga solo wengi wanaitafuta hata kama hawajui inatoka wapi.

Ukiuliza maoni yetu: anayeanza na hana mtu wa karibu wa kumsetia gitaa, achukue Telecaster. Daraja la Stratocaster lisiposetiwa sawa, ukikaza uzi mmoja mingine mitano inalegea, na mwanafunzi anadhani yeye ndiye asiyejua kutyuni.

Na Jazzmaster, Jaguar na Mustang?

Jazzmaster ni ya 1958, Jaguar ya 1962, Mustang ya 1964. Jaguar na Mustang zina urefu wa uzi wa inchi 24, wakati Stratocaster na Telecaster ni inchi 25 na nusu. Mtoto au mtu mwenye vidole vifupi ataona nafuu. Jazzmaster na Jaguar zina daraja linalotaka subira na nyuzi nene kidogo, vinginevyo nyuzi zinaruka kwenye nafasi zake ukipiga kwa nguvu. Hatumshauri anayeanza.

Mbona Stratocaster moja bei yake ni mara tano ya nyingine?

Zinatoka viwanda tofauti. Za juu zinatengenezwa Corona, California. Za kati nyingi zinatoka Ensenada, Meksiko, ambako Fender wana kiwanda tangu 1987, na aina ya Player inatoka huko. Squier nyingi zinatoka Indonesia na China. Unacholipia zaidi ni ulaini wa kingo za freti (vyuma vinavyokatiza shingo), ubora wa vifungo vya kutyuni, pikapu, na muda ambao mkono wa mtu umekaa juu ya gitaa hilo. Umbo ni lile lile.

Gitaa la kati likipita kwa fundi anayejua kuseti, tofauti yake na la bei kubwa inapungua sana. Gitaa la bei kubwa lisilosetiwa linakera kuliko yote.

Nitajuaje kuwa lililoandikwa Fender si feki?

Anza na namba. Magitaa ya Meksiko ya karibu miaka kumi na mitano hivi yana herufi MX zikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka, na ya Marekani yana US kwa mtindo huo huo. Namba ikisema Meksiko na maandishi mengine yakisema Marekani, rudisha. Lakini namba inaweza kunakiliwa, kwa hiyo usiishie hapo.

Pitisha kiganja pembeni ya shingo, kutoka kichwani hadi kwenye mwili. Freti za feki mara nyingi zinakwaruza kama msumeno. Angalia skrubu nne za shingo: zikiwa zimeingia upande, au kuna uwazi wa kupitisha shilingi kati ya shingo na mwili, kaa mbali. Kisha omba kufungua bamba la plastiki la mbele. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Ndani utaona usafi wa lehemu, unene wa waya, na ukubwa wa poti za sauti (vile vifaa vilivyo chini ya vitufe). Poti ndogo kama kifungo cha shati na waya mwembamba wa redio ya kichina kwenye gitaa linalodai kutoka California, hapo hakuna cha kujadili.

Kwa taarabu, dansi au kwaya nichukue lipi?

Tanga hili swali lina historia. Huu ni mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa upande wa dansi, na wa Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu, vikundi vilivyolitia gitaa la umeme na besi katikati ya taarabu wakati Unguja walikuwa wakijulikana kwa kundi kubwa la ala za nyuzi. Sauti ya muziki huo ni safi. Kila nota inasikika peke yake, hakuna distosheni ya kuficha kidole kilichokosea. Pikapu za Fender za koili moja (fungu moja la waya uliozungushwa) zimeumbwa kwa kazi hiyo.

Kwa rithim, Telecaster, swichi katikati. Kwa solo ya dansi na sebene, Stratocaster kwenye hatua inayounganisha pikapu ya daraja na ya kati. Kwa taarabu, shusha hadi pikapu ya shingo na ya kati, punguza treble kidogo ili usigombane na kodiani au kinanda. Kwa kwaya lolote kati ya hayo linatosha. Tatizo la kwaya huwa ni amplifaya, si gitaa.

Besi je?

Precision Bass ya 1951 na Jazz Bass ya 1960. Precision ina shingo pana na sauti moja nzito inayokaa chini ya kila kitu. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba kuelekea kichwani, na sauti yake inatamka zaidi. Mpiga besi wa taarabu anayetembeza vidole sana huwa anaipenda Jazz. Kabla ya kuinunua, soma jibu la besi na amplifaya ya gitaa hapo chini.

## Amplifaya

Ninahitaji wati ngapi?

Pungufu ya unavyodhani ukiwa chumbani, na zaidi ya unavyodhani ukiwa chini ya turubai. Wati 100 si kelele mara mbili ya wati 50. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linasema "imepanda kidogo". Ukitaka sikio liseme "imepanda mara mbili", unahitaji karibu wati mara kumi. Ndiyo maana spika na ukubwa wake vina maana kuliko namba kubwa iliyobandikwa mbele.

Kwa amplifaya za Fender, Frontman 10G ina wati 10 na spika ya inchi 6. Ni ya chumbani, basi. Champion 20 ina spika ya inchi 8, inafaa mazoezi ya watu wawili watatu bila ngoma. Champion 40 yenye spika ya inchi 12 ndiyo tunaiona kuwa mahali pa kuanzia kwa kanisa dogo au bendi changa. Champion 100 ina spika mbili za inchi 12. Kwenye harusi ya uwanjani Ngamiani, ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti, hata hiyo weka maiki mbele yake na uipeleke kwenye miksa.

Valvu au transista?

Amplifaya ya valvu inatumia zile taa za kioo ambazo wazee wanazikumbuka kwenye redio za zamani. Deluxe Reverb ina wati 22 tu, lakini mtu aliyezoea kuhesabu wati za transista akiisikia ukumbini anageuka kutafuta spika nyingine imefichwa wapi. Twin Reverb ina wati 85, spika mbili za inchi 12, valvu nne kubwa za 6L6, na uzito wa karibu kilo 29. Ibebe mara moja ngazi mbili, utaelewa kwa nini tumetaja uzito. Blues Junior, wati 15, ni nyepesi na inatosha kwa mengi.

Utamu wa valvu ni wa kweli: ukipiga taratibu sauti ni safi, ukikaza mkono inaanza kukwaruza yenyewe. Lakini valvu zinachoka, zinataka kubadilishwa, na hazipendi kurushwa nyuma ya gari la pikapu kutoka Muheza. Kama kazi yako ni harusi kila wikendi na usafiri wa kuunga, chukua transista. Kuna pia Tone Master, amplifaya za kidijitali ambazo Fender walizianza 2019 kuiga Twin na Deluxe. Twin ya namna hiyo ina uzito karibu nusu ya ile ya valvu. Mgongo unashukuru, mfuko haushukuru.

Nikiigusa amplifaya inatoa mngurumo kama radi. Imeharibika?

Hapana. Mwangwi wa Twin na Deluxe za valvu unatokana na springi halisi zilizofungwa kwenye sanduku la chuma chini. Ukiitikisa, springi zinagongana na ndio huo mngurumo. Ukiisikia radi bila mtu kuigusa, ilete.

Naweza kuchomeka gitaa kwenye sabufa ya nyumbani?

Itatoa sauti, lakini ndogo na butu. Pikapu inatoa mawimbi dhaifu sana, na mlango wa sabufa unasubiri kitu chenye nguvu kama simu au runinga. Utaongeza sauti hadi mwisho, sabufa itaanza kuvuma, na siku utakayochomeka simu bila kushusha, spika itapasuka. Tena jeki ya gitaa ni ya mono, hivyo kwa vile viunganishi vya bei rahisi mara nyingi upande mmoja tu unalia.

Ukikosa kabisa, weka pedali ya efekti katikati na upige taratibu. Kwa anayejifunza usiku bila kuamsha nyumba, amplifaya ndogo yenye tundu la hedifoni, kama Mustang LT25, ni njia bora zaidi. Inaingia pia kwenye kompyuta kwa waya wa USB kama unataka kurekodi.

Besi au kinanda kwenye amplifaya ya gitaa?

Besi kwa sauti ya chini sana chumbani, sawa. Ukipandisha, spika inaruka kupita kiasi na karatasi yake inachanika pembeni. Tunaziona hivyo kila baada ya msimu wa sikukuu. Besi ina amplifaya zake: kwa Fender ni Rumble. Rumble 25 ya mazoezi, Rumble 100 yenye spika ya inchi 12 kwa bendi ndogo, na Rumble 500 kwa uwanja. Kinanda nacho kina sauti za chini na za juu ambazo spika ya gitaa haiwezi. Kipeleke kwenye miksa.

Kinyume chake hakina shida. Gitaa kwenye amplifaya ya besi halidhuru kitu, ila sauti itakuwa nzito na isiyong'aa.

## Umeme

Ndugu yangu ananiletea amplifaya kutoka Marekani. Nichomeke tu?

Usichomeke. Kule umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Ukiiwasha moja kwa moja fyuzi ikiwahi utashukuru, isipowahi transfoma inaungua na harufu utaisikia barabarani. Soma bati la nyuma kabla ya kitu chochote. Likisema 120V pekee, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi matumizi ya amplifaya. Angalia matumizi, siyo wati za sauti: hayo ni mambo mawili, na amplifaya ya valvu inakula mara kadhaa ya inachotoa.

Angalia pia kama limeandikwa 50/60Hz. Umeme wetu ni wa 50Hz, na transfoma iliyotengenezwa kwa 60Hz tu inapata joto zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Rahisi kuliko yote, mwambie ndugu yako alete gitaa, amplifaya ununue ya 230V.

Nikiimba kwenye maiki nikiwa nimeshika gitaa, napigwa shoti mdomoni. Kwa nini?

Acha kupiga mpaka ishughulikiwe. Hili si jambo la kuzoea.

Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na chuma cha amplifaya kupitia waya. Maiki imeunganishwa na chuma cha miksa. Vyote viwili vikiwa na ethi nzuri, havina tofauti ya umeme kati yake. Kimoja kikikosa ethi, tofauti inatafuta njia, na njia ni wewe: kutoka vidoleni hadi midomoni.

Chanzo mara nyingi ni plagi. Plagi yetu ina miguu mitatu bapa, na ule mrefu wa juu ni wa ethi. Mtu ameukata, au amechomeka plagi ya Marekani kwenye adapta ya miguu miwili, au ekstensheni ndani yake ina nyaya mbili tu ingawa nje ina matundu matatu. Fungua ekstensheni uone. Tumeshafungua zenye waya wa kijani na njano uliokatwa na kukunjwa ndani vizuri, kana kwamba ni pambo. Wakati mwingine kosa ni la jengo lenyewe, na hapo anahitajika fundi umeme wa nyumba.

Kuna wanaokata ethi ili kuondoa mvumo. Usikubali, hata kama anayekuambia ana miaka thelathini jukwaani. Mvumo una dawa zake, tazama jibu linalofuata. Na kwa kinga ya haraka, chomeka miksa na amplifaya kwenye soketi moja.

Gitaa linavuma hata nisipopiga.

Shika nyuzi. Mvumo ukipungua, hali ni ya kawaida: pikapu ya koili moja inadaka mawimbi ya umeme ya chumbani, na Fender nyingi ni za koili moja. Geuka taratibu ukiwa umesimama, utapata upande ambao mvumo unakaribia kufa. Sogea mbali na taa za tyubu, dima, na chaja za simu. Kwenye Stratocaster nyingi za sasa, hatua ya pili na ya nne za swichi zinafuta mvumo, kwa kuwa koili ya kati imezungushwa kinyume.

Mvumo ukiongezeka unapogusa nyuzi, au ukipokea shoti, rudi kwenye jibu la ethi. Ukikatika na kurudi unapotikisa waya, tatizo ni jeki, na ni kazi ya dakika chache.

Tukipiga kwa jenereta sauti inabadilika. Ni salama?

Jenereta ndogo inapanda na kushuka kila ngoma kubwa inapopigwa, na amplifaya inaona hivyo. Tumia stabilaiza, na usiwashe amplifaya mpaka jenereta itulie. Amplifaya nyingi za valvu zina swichi ya kusubiri: washa umeme, acha valvu zipate moto dakika moja, kisha fungua sauti. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima swichi. Unaporudi mara nyingi unarudi kwa kishindo.

## Hewa ya bahari

Nyuzi zangu zinashika kutu baada ya wiki mbili. Nimeuziwa mbovu?

Hapana, unaishi Tanga. Chumvi ya hewani na jasho la vidole vinamaliza nyuzi za chuma upesi, na anayekaa Raskazone atabadilisha mapema kuliko anayekaa Korogwe. Futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga. Rudisha gitaa kwenye begi lake, usiliache ukutani karibu na dirisha. Nyuzi zilizopakwa utando zinagharimu zaidi lakini zinadumu, na kwa huku pwani hesabu inalipa.

Skrubu ndogo za daraja nazo zinashika kutu mpaka hazigeuki. Tone moja la mafuta ya cherehani kila baada ya miezi michache, kwa ncha ya kijiti cha meno. Mafuta ya kula hapana.

Shingo imepinda. Limekufa?

Mara nyingi halijafa. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa ufunguo wa L. Mbao inavuta unyevu masika na kuutoa kiangazi, na shingo inacheza. Geuza robo ya mzunguko tu, acha gitaa likae hadi kesho, pima tena. Ukisikia fimbo ni ngumu, simama. Shingo iliyovunjwa fimbo ndiyo ile tunayosema imekufa.

Naweza kutengenezewa ubao wa vidole wa mpingo?

Unaweza, na fundi seremala mwenye subira atakufurahisha. Mpingo ni wa jamii moja na rosewood ambayo Fender wameitumia tangu mwisho wa miaka ya 1950, na ndio unaotengenezewa klarineti na obo nzuri duniani. Ni mgumu, msumeno utalalamika. Mpingo uwe mkavu kabisa, la sivyo utapasuka ukiwa tayari una freti. Nunua kwa muuzaji mwenye vibali vya misitu, na ukitaka kusafiri nao nje ulizia masharti ya mazao ya misitu kwanza.

## Mengineyo

Napiga kwa mkono wa kushoto. Nigeuze gitaa la kulia?

Jimi Hendrix aliigeuza Stratocaster, na kila mtu anakutolea mfano huo. Inawezekana, lakini kijiti cha kichwani chenye mifereji ya nyuzi lazima kibadilishwe, na vitufe vya sauti vitakuwa chini ya mkono wako. Telecaster inageuzika vibaya zaidi kwa sababu ya mkato wake mmoja. Ukipata la kushoto, chukua.

Nikikosa nyuzi, naweza kutumia mshipi wa kuvulia au waya wa breki ya baiskeli?

Mshipi wa nailoni hautatoa sauti kabisa kwenye amplifaya, kwa kuwa pikapu ni sumaku na inasikia chuma tu. Kwa sababu hiyo hiyo, nyuzi za nailoni za gitaa kavu hazifai. Waya wa breki uliochambuliwa utalia, lakini utakula freti haraka, na freti mpya ni ghali kuliko seti nyingi za nyuzi.

Spika imepasuka. Naweza kuweka yoyote ya ukubwa huo?

Angalia ohmu nyuma ya ile ya zamani. Kwenye amplifaya ya transista, usiweke spika yenye ohmu pungufu ya zilizoandikwa, itaiunguza. Kwenye ya valvu weka zile zile. Na usiwashe kamwe amplifaya ya valvu spika ikiwa haijaunganishwa, hata kwa kujaribu, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua bila dalili yoyote mpaka imechelewa.

Naweza kuifungua mwenyewe?

Gitaa, ndiyo, karibu. Amplifaya ya transista, ukijua unachofanya. Ya valvu, hapana. Twin Reverb ndani yake ina zaidi ya volti 400, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi na kwenda kunywa chai. Ilete ikiwa imefungwa, pamoja na waya wake na kipande cha karatasi kinachosema ilikuwa inafanya nini ilipozima.